Mtoto aliyepona ugonjwa wa ubongo anaweza kuugua tena: dalili ambazo wazazi wa Masisi na Walikale wasizipuuze

Tuchukue mfano wa familia moja ya Kingi, kwenye vilima vya wilaya ya Masisi, jimboni Kivu ya Kaskazini. Mtoto wao wa miaka 3 alishikwa na homa kali, kisha degedege, kisha akapoteza fahamu. Walimfikisha hospitalini, akatundikiwa seromu, akapigwa sindano siku nyingi, akapona. Alirudi nyumbani anakula uji na kumwita mama yake. Wiki nne baadaye mtoto huyo huyo anaanza kurusha mikono na miguu bila kutaka. Halali usiku. Maneno machache aliyokuwa amejifunza yanapotea.

Jirani mmoja anasema malaria imerudi. Mwingine anasema kuna mtu aliyemroga. Baba anajiuliza: tumekwisha kuuza mbuzi wawili kulipia hospitali, dawa zote zimekwisha, sasa ni nini tena?

Huo ni mfano tu, si habari ya familia fulani. Lakini ugonjwa wenyewe upo, na wadaktari wanaujua. Unaitwa ansefaliti, yaani kuvimba kwa ubongo. Kwenye fishi ya hospitali utaona neno la Kifaransa « encéphalite ». Unapoletwa na kirusi kinachoitwa herpesi, baadhi ya watoto huugua mara ya pili hata baada ya kumaliza dawa vizuri. Mzazi asiyejua jambo hilo hukaa nyumbani akingoja, na siku anazongoja ndizo siku ambazo mtoto angeweza kusaidiwa.

Kirusi cha midomoni kinapofika ubongoni

Herpesi si kirusi kigeni. Ni kile kile kinachotoa vipele vya maji midomoni mtu anapokuwa na homa. Watu wengi duniani wanacho mwilini tangu utotoni, na wengi wao hakiwadhuru. Kinalala ndani ya mishipa ya fahamu ya uso, pengine kwa maisha yote.

Mara chache sana, kirusi hicho hupanda hadi ubongoni. Katika nchi zinazohesabu wagonjwa wote, huonekana watu 2 hadi 4 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Watoto wadogo na wazee ndio wanaopatwa zaidi. Mtoto mchanga anaweza pia kukipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa.

Kikifika ubongoni, hupenda kushambulia sehemu za pembeni, karibu na masikio, ambako kuna kumbukumbu, lugha na tabia. Ndiyo maana pamoja na homa na degedege, mtoto anaweza kubadilika: hamtambui mama, anasema maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali, au degedege inamshika upande mmoja tu wa mwili.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Bila dawa, wagonjwa wapata 70 kati ya 100 hufa, na wengi wa wanaobaki huishi na ulemavu. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980, ilipothibitishwa kwamba dawa ya asiklovia inapunguza sana vifo hivyo. Mama Gertrude Elion wa Marekani, mmoja wa wanasayansi walio nyuma ya dawa hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Leo asiklovia iko kwenye orodha ya dawa za lazima kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani, OMS.

Dawa hiyo inaposhughulikia ubongo haitolewi kwa vidonge. Inapitishwa kwenye mshipa, kila saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Kwa watoto wachanga ni siku 21 kamili, na baada ya hapo hupewa dawa ya kunywa kwa miezi 6 ili kirusi kisiamke.

Kwa nini ugonjwa unarudi?

Sababu ya kwanza ni dawa iliyokatwa mapema. Majaribio ya miaka ya 1980 yalitumia siku 10 tu. Baadaye wadaktari waliona wagonjwa wakirudi, wakaongeza siku. Hata sasa, mtoto akiondolewa siku ya saba kwa sababu ameamka na anacheza, au kwa sababu familia haina tena pesa, kirusi kinaweza kuwa bado kinazaana ubongoni. Kuamka kwa mtoto hakuonyeshi kwamba kirusi kimekwisha. Hospitali zenye uwezo hupima tena maji ya uti wa mgongo kabla ya kusimamisha dawa. Kirusi kikionekana bado, dawa inaendelea.

Sababu ya pili ni namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Asiklovia inakizuia kirusi kinachozaana. Kile kilicholala ndani ya mshipa wa fahamu hakifi. Kwa watoto wengi kitalala bila kuamka tena. Kwa wachache kinaamka.

Na kuna watoto ambao walizaliwa na upungufu mdogo katika kinga ya ubongo wao. Kazi ya Profesa Jean-Laurent Casanova na wenzake, iliyoanza kutangazwa mwaka wa 2006, imeonyesha kwamba hitilafu ya jeni moja tu inaweza kumfanya mtoto mwenye afya nzuri ashindwe kujikinga na herpesi ubongoni, ijapokuwa magonjwa mengine anayapigana nayo kama watoto wote. Hili linafaa kusemwa wazi katika vijiji vyetu. Mama hana kosa. Bibi hana kosa. Mtoto huyo hakurogwa.

Mwili unapojishambulia wenyewe

Kwa miaka mingi wadaktari walishangazwa na jambo moja. Watoto wengine walirudi na dalili mpya, lakini maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, kirusi hakikuonekana. Walipewa asiklovia tena na haikusaidia.

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 2007, Profesa Josep Dalmau na wenzake walipoeleza ugonjwa ambamo askari wa mwili wanaushambulia ubongo wenyewe. Mwaka wa 2012 watafiti wa Ujerumani wakawakuta askari hao hao kwa watu waliokuwa wameugua herpesi ya ubongo. Maelezo ni haya: kirusi kinapobomoa ubongo, askari wa mwili wanaona vipande vya ubongo ambavyo hawakuwahi kuviona, wanavidhania kuwa adui, na wanaendelea na vita hata kirusi kilipokwisha kushindwa.

Utafiti uliofanyika Hispania na kutangazwa mwaka wa 2018 ulifuata wagonjwa 51 wa herpesi ya ubongo tangu mwanzo wa ugonjwa. 14 kati yao, yaani zaidi ya robo, walipata ugonjwa huo wa pili, na wote ndani ya miezi 2 hivi. Kwa watoto wadogo, chini ya miaka 4, dalili kubwa ni mikono, miguu na mdomo vinavyojichezesha bila kusimama, usingizi kupotea na degedege. Kwa wakubwa zaidi ni tabia: kuogopa, kuona vitu visivyokuwepo, hasira, kusahau.

Matibabu yake ni tofauti kabisa. Hapa daktari anatuliza askari wa mwili, kwa dawa za jamii ya kotizoni zinazopitishwa kwenye mshipa, na penye uwezo kwa dawa nyingine za kutuliza kinga. Kotizoni hupatikana hata katika hospitali nyingi za kwetu. Lakini daktari hawezi kufikiria ugonjwa huu ikiwa hajui kwamba mtoto aliugua ubongo wiki chache zilizopita. Na asipojua, atatibu malaria.

Tuliona jambo kama hilo hapa hapa Kivu

Kwamba kirusi kinaweza kujificha baada ya dawa, Kivu ya Kaskazini inalijua kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa sababu ya Ebola. Ebola na herpesi ni virusi tofauti kabisa, lakini katika hili funzo lao ni moja.

Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikumba watu 3470, na 2287 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wa pande za Beni, Butembo, Katwa, Mabalako na Mandima. Mwezi Agosti 2019 ugonjwa ulifika hata Pinga, wilayani Walikale. Katika mlipuko huo ndipo dawa mbili za Ebola zilionyesha nguvu zake kwa mara ya kwanza, katika majaribio yaliyoongozwa na taasisi ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani. Moja ya dawa hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995.

Mtu mzima mmoja aliyekuwa amechanjwa aliugua Ebola mwezi Juni 2019, akapewa mAb114, akapona. Vipimo vilionyesha kwamba damu yake haina tena kirusi. Miezi kama sita baadaye aliugua tena na kufariki. Watafiti wa INRB waliposoma jeni za kirusi hicho waligundua kwamba hakuambukizwa upya: ni kirusi kile kile cha mwanzo kilichoamka. Kutoka kwake, mlolongo wa maambukizi ulifikia watu 91. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2021.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Ebola ilipotokea tena Beni, wa kwanza kujulikana alikuwa mtoto mdogo wa kiume. Jeni za kirusi zilionyesha kwamba kinatokana na mlipuko wa 2018 hadi 2020, si na mnyama wa porini. Kilikuwa kimejificha mahali fulani, ndani ya mtu aliyepona.

Kwamba ubongo ni moja ya maficho hayo, mfano unaojulikana zaidi ni wa muuguzi Pauline Cafferkey wa Scotland. Aliugua Ebola aliporudi kutoka Sierra Leone mwisho wa mwaka wa 2014, akatibiwa kwa dawa za kupambana na kirusi, akapona. Miezi tisa baadaye, mwezi Oktoba 2015, alirudishwa hospitalini London ubongo ukiwa umevimba. Kirusi kilikuwa kingi zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo kuliko kwenye damu. Alitibiwa mara ya pili, akapona. Mwaka wa 2022 watafiti wa jeshi la Marekani walieleza kwamba kati ya nyani 36 waliopona Ebola kwa dawa kama zile zilizotumika Beni, 7 bado walikuwa na kirusi ndani ya vyumba vya maji vya ubongo.

Sababu ni kwamba ubongo umezungushiwa ukuta unaoulinda. Ukuta huo unazuia sumu na vijidudu vya damu, lakini unazuia pia dawa. Kirusi kikishaingia ndani, ukuta uliokuwa ulinzi wetu unageuka kuwa ulinzi wake.

Hii haimaanishi kwamba tuwaogope waliopona. Wengi sana hawaugui tena, na mtoto aliyeugua herpesi ya ubongo si hatari kwa shule wala kwa jirani. Funzo ni kwamba aliyepona anahitaji kufuatwa, na akiugua tena apokelewe haraka, bila kutiliwa mashaka.

Malaria inaweza kuficha ugonjwa mwingine

Huku kwetu, mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria kwanza. Ni sawa, kwa sababu malaria inaua haraka na dawa yake ipo. Tatizo ni pale kipimo kinapoonyesha malaria na watu wanaacha kutafuta.

Huko Blantyre, Malawi, watafiti walichunguza watoto 513 waliolazwa wakishukiwa kuwa na ugonjwa wa ubongo. Karibu robo yao walikutwa na kirusi, na baadhi yao walikuwa na malaria kwa wakati mmoja. Utafiti huo wa mwaka wa 2013 unakumbusha kwamba katika nchi za malaria, vijidudu vya malaria kwenye damu havithibitishi kwamba ndivyo vilivyouharibu ubongo.

Kwa hiyo kama mtoto amepewa dawa ya malaria ipasavyo na baada ya siku mbili hajaamka, au kama degedege inashika upande mmoja, au tabia yake imebadilika kabla ya kupoteza fahamu, ni haki ya mzazi kumuuliza daktari: je, haiwezi kuwa ansefaliti? Kuuliza hivyo si kumkosea daktari heshima. Asiklovia hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, na hospitali nyingi duniani huianza kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Njia ndefu kutoka Kingi

Kuandika haya ni rahisi kuliko kuyafanya. Kutoka Kingi hadi Goma lazima upitie Sake, na kila mkaaji wa Masisi anajua njia hiyo imegharimu nini katika miaka hii. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwisho wa mwezi huo. Walikale-centre ilifuata mwezi Machi, kabla ya waasi kuondoka huko Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Mwezi Februari 2025 kambi za wahami kandokando ya Goma zilivunjwa na familia nyingi zikarudi vijijini, mbali na hospitali zilizokuwa zinawafuata watoto wao.

Katika hali hiyo, siku 21 za sindano kila saa 8 ni mzigo mkubwa. Mama analala sakafuni pembeni ya kitanda. Watoto wengine wako nyumbani na mahindi yanaoza shambani. Ndiyo maana wengi huomba kutoka mapema, na wengi hawarudi kwa siku ya miadi. Hakuna wa kuwahukumu. Lakini mwuguzi anayeelewa anaweza kumweleza mama huyo kwamba siku saba zilizobaki si za kupumzika hospitalini, ni za kummaliza adui aliyebaki ndani. Na wale wanaosaidia hospitali za Masisi, Mweso, Kirotshe na Walikale, iwe serikali au mashirika, wangefaa kukumbuka kwamba asiklovia ya sindano ni dawa inayohitajika mara chache, lakini siku inapohitajika hakuna nyingine ya kushika nafasi yake.

Mambo ambayo familia inaweza kufanya

Kabla ya kutoka hospitalini, omba fishi iandikwe wazi: jina la ugonjwa, dawa iliyotolewa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya chanjo. Ukikimbia vita, ikimbie nawe. Kama una simu, ipige picha, na umtumie ndugu mwingine.

Muulize daktari siku ya kurudi. Miezi 3 ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana. Mwambie pia mtu wa pili nyumbani, bibi au shangazi, aina ya dalili za kuangalia, kwa sababu mama hayupo nyumbani kila saa.

Rudi siku hiyo hiyo, bila kungoja, ukiona mojawapo ya haya: homa pamoja na usingizi usio wa kawaida, degedege, mikono, miguu au mdomo kujichezesha, mtoto kuacha kusema au kutembea alichokuwa anaweza, kutolala usiku mfululizo, tabia kubadilika ghafla, kwa mchanga, kukataa kunyonya au vipele vya maji kwenye ngozi.

Ukifika kituo cha afya, sema neno hili kwanza, kabla ya kueleza homa: « Mtoto huyu alitibiwa ugonjwa wa ubongo, na fishi yake ni hii. » Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu mwuguzi atakachofikiria baadaye.

Kama daktari alimwandikia dawa za kuzuia degedege, usizisimamishe mwenyewe eti mtoto amepoa. Na kama kuna mtu anayetaka kumpeleka kwenye maombi au kwa mganga wa asili, maombi hayazuii hospitali. Mtoto aanze hospitalini, familia iendelee kumwombea.

Tukirudi kwa familia yetu ya mfano kule Kingi: mtoto anayerusha mikono wiki nne baada ya kupona bado ana nafasi. Ikiwa ni kirusi kilichoamka, kuna asiklovia. Ikiwa ni mwili unaojishambulia, kuna dawa za kuutuliza, na watoto wengi hupata nafuu kwa miezi inayofuata, ingawa polepole. Wazazi wake walikwisha kufanya kazi ngumu mara moja, walipomfikisha hospitalini akiwa hana fahamu. Kinachoombwa kwao ni kushika njia ile ile mara ya pili, fishi ikiwa mkononi.